Ukoka Mpaka Mlangoni

Mwaka wa tatu baada ya vita kwisha nilimwajiri mtu anichoree na kunijengea bustani nyumbani kwetu Samuye. Watu walisema fedha ya mgodi imenipanda kichwani. Siwalaumu. Leo hii nikimwona karani kijana anamlipa mtu apande majani yasiyoliwa na ng'ombe, katika nchi ambayo ng'ombe hutembea kutwa nzima wakitafuta majani, nitasema hayo hayo, na pengine nitaongeza la kwangu.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye mgodi wa almasi, upande wa Songwa. Nilikuwa sijaoa. Baba alifia kwenye mashamba ya mkonge tungali wadogo, akatuacha watatu: mama, kaka yangu, na mimi. Kaka alikwenda vitani nikiwa bado mwanafunzi. Tulipata barua mbili kutoka Bama, kule mbali walikokuwa wakipigana na Wajapani, zote zimeandikwa na mwenzake kwa kuwa yeye hakujua kuandika, kisha barua zikakatika. Vita vilipokwisha wanaume wa vijiji vya jirani walirudi mmoja mmoja na makoti mazito na masanduku ya bati. Wetu hakurudi. Nilikwenda bomani mara tatu kuuliza. Mara zote waliniambia hayumo katika orodha ya waliokufa, wala hawajui aliko.

Mama hakuhitaji habari za bomani. Kila alfajiri alichukua ufagio, akafagia uwanja kuanzia mlangoni pa nyumba yake ya msonge hadi kwenye uwazi wa ua wa minyaa, ambako njia ya kwenda barabarani huanzia. Alifagia kwa mistari iliyonyooka, na aliyepita juu ya mistari hiyo kabla jua halijapanda alisikia maneno. Kwetu uwanja uliofagiwa ndio unaosema kwamba watu wapo. Majani yakifika mlangoni, ujue hilo ni tongo: wenyewe wamekufa au wamehama, na mpita njia hapigi hodi mahali hapo.

"Mwenzako akirudi," alikuwa akiniambia, "apakute kama alivyopaacha."

Aliniambia hivyo nilipomletea sukari. Aliniambia hivyo nilipomletea blanketi. Nilipojenga nyumba ya bati ya vyumba vitatu hatua ishirini kutoka msonge wake, alizunguka kuta zote akizigusa kwa kiganja, kisha akauliza kama yule ataitambua kuwa ni kwao. Nilikuwa mtoto niliyekuwepo, niliyekuja kila Jumamosi kwa baiskeli na vumbi hadi kwenye kope, na mama alikuwa ananitazama huku masikio yake yako barabarani. Nasema wazi kwa sababu sasa haina faida kuficha: nilimwonea wivu kaka. Kisha wivu nao ukaisha, nikabaki na ganzi. Nilikuwa nimekwisha amua moyoni kwamba amekufa, na nilitaka mama naye aamue.

Bustani niliiona kwa mabwana wa mgodini. Nyumba zao zilizungukwa na ukoka uliokatwa sawasawa, vijia vya changarawe, na mawe yaliyopakwa chokaa. Ardhi ile ile nyeusi inayopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika, pale ilikuwa imetulia kama kitanda kilichotandikwa. Aliyezichora alikuwa Mshambaa mmoja, mtu mzima wa makamo, Mwislamu mwenye kofia safi hata akiwa kazini. Ujanani alifunzwa kwenye bustani za majaribio za Wajerumani huko milimani kwao, na ingawa mabwana walimwita mtu wa bustani tu, kama mtu wa kumwagilia, yeye alijijua kuwa ni mchoraji. Alikuwa na pima maji, kamba ndefu ya mafundo, na daftari lenye karatasi za mirabamiraba. Mkataba wake wa mgodini ulipokwisha nikamwomba aje Samuye.

Alipofika alimwamkia mama kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama akajibu, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kisukuma kama mgeni huyu amepita njia ya Bama.

Siku ya kwanza fundi hakugusa jembe. Alizunguka. Alichuchumaa hapa, akasimama pale, akaniuliza maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi, upepo wa vumbi unavuma kutoka upande gani, ng'ombe wanaingilia wapi. Jioni alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Ni nani anayekaa hapa kutwa?"

"Mama."

"Amekubali?"

"Amekubali," nikasema. Sikuwa nimemuuliza.

Alinitazama kidogo, akafungua daftari. "Bustani ni ya mtu anayeitazama kutwa, Bwana Karani, si ya anayekuja Jumamosi. Ndiyo maana nauliza."

Nikarudia kwamba amekubali. Alikuwa mgeni wa nchi na mimi ndiye mwenyeji. Hakuwa na njia ya kujua kwetu majani yana maana gani, nami niliyejua nikanyamaza.

Kazi ilichukua miezi miwili na nusu. Ukweli usemwe, yule bwana alijua kazi yake. Alichimba mfereji wa kuchepusha maji ya mvua, akaujaza mawe chini na mchanga juu, na masika yale uwanja wetu kwa mara ya kwanza haukuwa tope. Alipigilia vigingi na kuvuta kamba, akasawazisha ardhi, akachanganya samadi na mchanga wa mtoni. Ukoka alioutoa Songwa aliusafirisha kwenye magunia mabichi, akaupandikiza kipande kwa kipande, akiushindilia kwa kisigino. Zizi lilikuwa limekaa mahali alipotaka kupitisha kijia, kwa hiyo ng'ombe wetu tisa nikawahamishia kwa mjomba, kaka yake mama, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ua wa minyaa ulifyekwa wote. Wafyekaji walijifunga vitambaa usoni kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofua, na kwa siku kadhaa lundo lile lilikaa pale likivuja maziwa meupe hadi likakauka tukalichoma. Mahali pake fundi alipanda michongoma michanga iliyonifika chini ya goti. Alisema baada ya miaka minne itakuwa ukuta.

Msonge wa mama ndio uliobaki mwisho. Nilimwambia chumba chake ndani ya nyumba ya bati kimekwisha kupakwa chokaa, kina dirisha na kitanda cha besela, cha dukani. Aliingia humo bila kubishana. Nilidhani nimeshinda. Fundi aliubomoa msonge kwa heshima, nguzo moja moja, kisha akaniuliza duara lake alifanye nini, maana udongo wa ndani ulikuwa umeshikana kwa miaka mingi na ukoka usingeshika. Alipendekeza tuta la maua. Likawa tuta la maua: duara la mawe yaliyopakwa chokaa, ndani yake mawaridi na asumini, udongo umeinuliwa kidogo katikati ili maji yasituame.

Mama alikaa ndani ya nyumba ile mpaka ukoka ulipokolea. Wiki ile ulipofika kwenye kizingiti cha mlango, nilikuja Jumamosi nikamkuta amefunga vitu vyake kwenye khanga mbili.

"Nakwenda kwa mjomba wako," alisema. "Kule kuna ng'ombe."

"Na hapa kuna nini, mama? Kuna njaa?"

"Hapa kuna majani mlangoni. Sijafa bado, mwanangu. Silali kwenye tongo."

Nilimwambia dunia imebadilika. Nilimwambia mabwana wakubwa kabisa wanalala nyumba zenye majani mlangoni, na hawajafa. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma kitabu kwa sauti.

"Na mwenzako akija?"

"Hatakuja, mama."

Ndiyo mara ya kwanza neno lile kutoka kinywani mwangu. Aliinua mzigo wake, akauweka kichwani, akaondoka akipita pembeni ya ukoka, asiukanyage. Nilimfuata na baiskeli nikimwomba nimbebee mzigo, akakataa mpaka tulipofika kwa mjomba. Wazee wa jirani walinicheka. Mmoja alisema mkataa kwao mtumwa, lakini mimi nimewapiku wote, maana sikupakataa kwetu, nimepageuza pawe kwa watu wengine. Nilicheka nao. Sikuhisi kitu, na nilidhani kutohisi kitu ndiyo utu uzima.

Fundi naye alimaliza kazi akaenda zake Tabora. Kabla hajaondoka alisimama kwenye kizingiti akaitazama bustani yake nzima. Ilikuwa nzuri, na hata sasa siwezi kusema vinginevyo. "Mama hayupo," alisema. Hakuuliza. Alinipa mkono, akapanda lori.

Ili bustani isife kiangazi, nilimwajiri mtu wa kumwagilia, Msumbwa wa upande wa magharibi, mtu mzima mpole aliyekuja kutafuta kibarua cha pamba akakosa. Alichota maji lamboni akamwagilia asubuhi na jioni, na usiku alilala jikoni. Hakumjua mtu yeyote Samuye, wala hakuna aliyejishughulisha kumjua. Mimi aliniita Bwana Karani kama wote wa mgodini. Habari za mama sikuwahi kumsimulia, kwa kuwa ningeanzia wapi?

Ilikuwa mwezi wa palizi, watu wote wako mashambani, nilipokuja Jumamosi moja nikamkuta anang'oa magugu kwenye mawaridi. Alinieleza habari za wiki mbili, maana Jumamosi iliyotangulia sikuja: mbuzi wa watu wameingia, pipa linavuja. Kisha akasema, kama mtu anayenipa sifa, kwamba bustani yangu imeanza kujulikana, kwani hata askari amekuja kuitazama.

"Askari gani?"

"Askari wa zamani, wa vita. Alikuwa na koti. Lori la watu wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu lilisimama barabarani kutia maji kwenye rejeta, akashuka, akaja mpaka pale kwenye michongoma."

Nikamwambia anieleze yote. Akanieleza bila haraka, huku akiendelea kung'oa magugu. Yule mtu alisimama muda mrefu. Kisha akauliza hapa ni kwa nani. Msumbwa akamjibu ni kwa Bwana Karani wa mgodini. Akauliza kama mwenyewe ni mwenyeji wa hapa. Msumbwa akasema hajui, yeye ni mgeni. Akauliza, je, yuko wapi mama mzee aliyekuwa akiishi hapa?

"Nikamwambia hapa hakuna mama mzee," alisema Msumbwa. "Si kweli, bwana? Toka nimekuja sijamwona."

"Ni kweli."

"Basi akatazama kule," akaonyesha kwa kidole penye kijia cha changarawe, mahali lilipokuwa zizi, "akapiga mluzi. Akangoja. Hakuna kitu kilichokuja. Akaja hapa kwenye maua, akavua kofia, akasimama hivi." Aliacha magugu, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye mawe meupe. "Nikajua ni mtu anayependa bustani."

Nilimwomba aupige ule mluzi. Aliujaribu mara mbili ukakataa, mara ya tatu ukatoka: mfupi, mrefu, mfupi mara mbili. Tukiwa wachungaji kaka aliutunga mwenyewe kumwita ng'ombe wetu mwekundu aliyekuwa akitangulia kundi. Sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine.

Zilikuwa zimepita siku kumi na mbili.

Nakumbuka nilimwambia Msumbwa pipa nitaliziba. Nakumbuka nililiziba kweli, kwa lami, kwa uangalifu, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa. Kichwani hesabu ilikuwa ikijipanga bila mimi kuipanga: mahali pa msonge wa mama pana duara la mawe meupe na maua. Yeye aliyetoka vitani alikuwa amekwisha kuona huko makaburi ya namna ile, nyasi zilizokatwa sawa na mawe meupe. Ng'ombe hawapo, ua haupo, majani yako mlangoni, na aliyeulizwa amesema hakuna mama. Hakukosea hata kidogo. Alisoma alichoandikiwa.

Mama sikumwambia. Niliomba ruhusa ya wiki moja kazini, nikapanda lori la Kahama, kisha jingine la Geita. Njiani nilikula, nililala, niliongea na watu kuhusu bei ya mchele. Madereva ndio walionielekeza Nyarugusu, ambako wanajeshi wengi wa zamani walikuwa wakitafuta vibarua vya mashimo. Nilifika adhuhuri. Kilima kizima kilikuwa kimetobolewa, na udongo mwekundu umemwagwa kila mahali. Nikaambiwa nimuulize mama mmoja wa Kizinza, aliyewapikia wachimbaji ugali na kuwajua wote kwa matumbo yao.

Nilimwamkia, nikamweleza namtafuta nani. Aliacha mwiko chunguni.

"Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Mdogo wake alikufa," alisema. "Mama yake pia. Alifika hapa amenyoa kichwa. Tulimfanyia matanga hapa hapa, siku tatu, wachimbaji wakachanga. Alikuwa anakutaja wewe zaidi. Alisema alikuacha ukiwa shuleni, na mwenye akili."

"Ni mimi," nikasema.

Kisha akaleta kigoda, akakifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akanikalisha. Nikajua kabla hajasema. Mtu hakalishwi namna ile kwa habari njema.

Shimo lilikuwa limeporomoka siku tano kabla sijafika. Walikuwa watatu chini. Wawili walitolewa wazima. Yeye alikuwa amewatangulia kwa urefu wa mtu mmoja. Mwenye shimo alitaka kazi iendelee upande mwingine, lakini wenzake waligoma, wakachimba siku mbili mpaka wakamtoa, wakamzika kwenye mteremko. Nilipelekwa nikaonyeshwa. Palikuwa na lundo la udongo mwekundu na kipande cha mti. Mmoja wa wale wawili aliniambia kaka alikaa hospitali ya jeshi karibu miaka mitatu kwa sababu ya kifua, ndiyo maana alichelewa. Aliniambia pia kwamba hakutaka kuja kwenye dhahabu. Alikuwa akienda nyumbani tu, na lori lile lilikuwa limempa lifti. Nauli ya kumfikisha mbele alilipa baadaye, alipopanda tena.

Nilisimama pale nikingoja machozi. Hayakuja. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na kiu, na nilijichukia kwa kuwa na kiu. Yule mama wa Kizinza alinipa koti la kaka. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na nililibeba mkononi njia nzima mpaka Samuye.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Mama alikuwa amekaa uani, mbele yake ungo wa choroko, akichambua. Alitazama koti kabla hajanitazama mimi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kahama: nianze na ugonjwa wa kifua, nianze na hospitali. Nilipofungua kinywa nikasema kaka amekufa, amezikwa Nyarugusu.

Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Alifika nyumbani?" aliuliza.

Ningeweza kudanganya. Kwenye lori nilikuwa nimeupanga uongo huo pia, nao ulikuwa mzuri zaidi ya ukweli.

"Alifika, mama."

"Alifika mpaka uwanjani?"

"Mpaka uwanjani. Alisimama mahali pa msonge wako."

"Nani alimpa maji?"

Kwetu mgeni hupewa maji kwanza. Hata adui, hata mtoza kodi, kabla ya kuulizwa shida yake huletewa kata ya maji.

"Hakuna, mama," nikasema. "Hakuna aliyempa."

Alimaliza choroko zilizokuwa kwenye ungo. Akapembua mara ya mwisho, akazimimina kwenye chungu, akapangusa mikono. Kisha akamwita wifi yake, mke wa mjomba, aliyekuwa nyuma ya nyumba, akamwambia kwa sauti yake ya kila siku kwamba mwanawe mkubwa alirudi kutoka vitani, amerudi mzima kabisa, akakuta kwao hakuna mtu.